Mgonjwa Aliyelazwa Maabara

"Usifungue hiyo," Mama Bosi alisema. "Malizeni kwanza iliyokwisha kufunguliwa."

Binti yake alikuwa amebana chupa mpya ya juisi kwapani, anahangaika na kifuniko. Jina la Bosi alipewa akiwa mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha watu hata kabla hajajua kusema, na mpaka leo, mtu mzima, fundi umeme mwenye kazi yake, lilikuwa halijamtoka.

"Mama, leo? Wakwe wanakuja halafu tuwape mabaki?"

"Mabaki gani? Imefunguliwa jana. Katika nyumba hii kitu kikifunguliwa kinamalizwa, ndipo..."

Hakumaliza. Alisimama katikati ya sebule na kitambaa cha meza mkononi, macho yakiwa ukutani. Baba Bosi, aliyekuwa juu ya stuli akipigana na pazia, alitazama ukuta ule akidhani ameona mende.

"Nini?"

"Mungu wangu," mkewe alisema taratibu. "Nimetumia ile iliyofunguliwa."

"Si ndiyo unataka tuitumie?"

"Siongelei juisi, Baba Bosi. Maji. Ijumaa, kazini. Nimechanganyia maji ya chupa iliyofunguliwa."

Baba Bosi alishuka kwenye stuli. Yeye alikuwa fundi wa makochi, na kwa upande wake maji yalikuwa maji. Alijua mkewe anafanya kazi maabara, kwenye lile jengo jeupe nyuma ya chuo, na kwamba anachanganya vitu kwenye vichupa vidogo kama vya manukato. Zaidi ya hapo hakuwa amewahi kuuliza. Jioni mkewe akianza kueleza, yeye alikuwa anaitikia "ehee" huku akiwaza sponji na misumari.

"Sikilizeni, maana sina muda," Mama Bosi alisema, tayari anafungua aproni. "Kule kuna maji ya aina mbili. Moja yametiwa kidogo kitu kinachozuia bakteria wasizaliane. Chupa yake unaichoma sindano leo, unaichoma tena wiki ijayo, maji bado ni mazima. Hayo ndiyo natumia karibu kila siku. Ya pili ni matupu, hayana chochote ndani. Ukifungua unatumia, na yanayobaki unamwaga. Sasa kuna mtafiti ninayemchanganyia, anataka kuweka peptidi, ule unga wa kwenye vichupa, kwenye seli hai. Kile kinachozuia bakteria kinaweza kuziumiza seli nazo. Ilitakiwa nifungue chupa mpya ya maji matupu. Mkono wangu ukaenda kwenye iliyofunguliwa, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nimezoea hapa hapa, kwenye juisi na sabuni na chumvi."

"Kuna mtu atakufa?" Baba Bosi aliuliza.

"Hakuna mtu. Seli ziko kwenye visahani. Lakini zitadhoofika, naye atasema peptidi ndiyo mbaya, kumbe siyo peptidi, ni maji yangu. Kazi yake yote itakuwa uongo, na uongo wenyewe wangu."

"Mpigie simu."

"Chumba cha seli simu haziingii. Nimekwambia hilo miaka na miaka. Na anaiweka ile peptidi mchana huu."

Wote watatu walitazama saa ya ukutani, kisha wakatazama meza. Sahani zilikuwa zimepangwa. Maua ya plastiki yalikuwa yameoshwa. Wageni walikuwa njiani.

Hawa hawakuwa wageni wa kunywa soda na kuondoka. Alikuwa anakuja mama yake Kimya, kijana anayetaka kumwoa Bosi, akiwa na mjomba wa kijana. Huyo mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mtu wa kulisha mamia kwa kengele, na wote walimwita Mama Mpishi. Habari zake zilikuwa zimetangulia. Mwaka jana alikwenda kumposea mwanawe mkubwa, akaambiwa mama wa binti yuko saluni, anakuja sasa hivi. Alimaliza soda yake, akasema asante, akaondoka, na hakurudi tena. Aliwaambia watu kwamba mama asiyekuwepo siku ya kupokea wageni, hata siku ya shida hatakuwepo.

"Mama Bosi," Baba Bosi alisema kwa sauti ya kubembeleza, "huyo mtafiti si anaweza kurudia kazi yake siku nyingine? Mkwe harudiwi."

Mama Bosi alimtazama binti yake.

Bosi aliweka chupa ya juisi mezani. Alimpenda yule kijana, na kwa kumpenda alikuwa ameosha nyumba nzima tangu asubuhi, hata chini ya friji.

"Nenda, mama," alisema. "Ila rudi."

"Nikianza kuchanganya upya siwezi kuacha katikati."

"Nimesema nenda. Baba atawaambia."

Mama Bosi alitoka na viatu vya wageni miguuni, akapungia pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda upande upande kwa sababu ya gauni. Baba Bosi alibaki mlangoni, mkono mmoja hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Nitawaambia nini?" aliuliza.

"Ukweli," Bosi alisema.

"Ukweli upi? Mimi mwenyewe sijauelewa."

*

Walifika kwa wakati, tena kabla kidogo. Mama Mpishi aliingia wa kwanza, mwanamke mpana, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekoroga masufuria makubwa maisha yake yote. Nyuma yake aliingia mjomba, mrefu, mwenye koti lililombana na mdomo usiobana chochote. Mwisho akaja Kimya. Kijana huyo alikuwa mpima viwanja, mwenye tabia ya kutazama vyumba kana kwamba anatafuta mipaka yake.

"Karibuni, karibuni sana. Kaeni hapo, hilo kochi ni la mkono wangu mwenyewe," Baba Bosi alisema.

Mama Mpishi aliketi. Alilibonyeza kochi kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba halina kosa. Kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Mama wa nyumba hajambo?"

"Hajambo sana."

"Yuko ndani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya ukweli, na Bosi, aliyesimama na trei, alimkazia baba yake macho. Baba Bosi alifungua mdomo. Aliwaza maji ya aina mbili, bakteria, seli, visahani. Aliwaza atakavyoulizwa swali moja tu na kukwama. Aliwaza saluni. Na kabla hajajijua, maneno yakamtoka yenyewe.

"Ametoka mara moja. Amekwenda kumwona mgonjwa."

Trei ya Bosi iligonga meza.

"Maskini!" Mama Mpishi alisema, na uso wake wote ukabadilika, ukawa laini. "Mgonjwa wa nyumbani?"

"Wa... wa karibu."

"Ni ghafla?"

"Ghafla mno. Asubuhi hii."

"Pole sana, ndugu yangu. Poleni." Alimgeukia kaka yake. "Unaona? Huyu ni mama. Siku ya wageni wake mwenyewe, ameacha kila kitu amekimbilia mgonjwa."

"Ni utu huo," mjomba alisema, akijimiminia juisi. "Siku hizi watu wanatuma ujumbe wa simu tu, pole, na kidole gumba."

Baba Bosi alianza kupumua. Kumbe imepita, tena imepita kwa heshima. Alifikia hata kutabasamu kidogo. Hapo Mama Mpishi akasimama na kuchukua mkoba wake.

"Basi twende."

"Wapi?"

"Kwa mgonjwa. Tukamwone sote. Tumekuja kuwa ndugu au tumekuja kunywa juisi?"

"Aa, mama, msijisumbue, chakula kiko tayari..."

"Chakula hakikimbii. Mimi nikae hapa natafuna na mwenzangu yuko kando ya kitanda cha mgonjwa? Sijalelewa hivyo. Gari unalo?"

"Lipo la mizigo," Bosi alidakia kabla baba yake hajafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. "Lipo hapo nje, lina mafuta. Twendeni tu. Baba anajua njia."

Baba Bosi alimtazama mwanawe. Mwanawe alimtazama pia, na hakuwa na huruma hata chembe.

*

Gari dogo la mizigo lilikuwa na kochi la mteja nyuma, kochi la watu watatu, limefungwa nailoni. Mjomba alipoliona alifurahi waziwazi. Alipanda, akaketi katikati, akawaita vijana wakae pembeni yake, na gari likatoka wakiwa wameketi huko nyuma kwa starehe, wanapepewa na upepo, nailoni ikilia chini yao kila kona. Watu wa barabarani walipunga mikono. Mjomba aliwapungia wote.

Mbele hakukuwa na starehe. Baba Bosi aliendesha polepole iwezekanavyo.

"Mgonjwa ni nani kwenu?" Mama Mpishi aliuliza.

"Ni... mtu wa kazini kwa mke wangu."

"Anaumwa nini?"

"Bado wanachunguza."

"Mke wako anafanya kazi gani? Kijana aliniambia maabara, lakini hakueleza."

"Anachanganya maji," Baba Bosi alisema. Kisha akaona haitoshi. "Maji na unga. Kuna unga mweupe kwenye kichupa, anatia maji."

"Hata mimi nachanganya maji na unga, kila siku, kwenye sufuria ambalo mtoto anaweza kuogea ndani yake. Mimi si mtu wa maabara."

"Huu unga ni mwingine."

"Wa nini?"

Baba Bosi alibadilisha gia bila sababu.

"Mmeoana zamani?" Mama Mpishi aliuliza.

"Zamani sana."

"Na hujui mkeo anafanya kazi gani."

Haikuwa swali. Masikio yalimchemka. Alikuwa anajua kuunga mbao bila msumari. Alikuwa anajua kwa kugusa tu kama kitambaa kitachakaa mwaka huu au miaka kumi ijayo. Na sasa mama wa watu amemvua nguo ndani ya gari lake mwenyewe, kwa maneno machache tu, tena bila hata kupandisha sauti.

"Amelazwa wapi huyo mgonjwa?" Mama Mpishi aliuliza tena.

Barabara ilikuwa imefika njia panda. Kulia, hospitali. Kushoto, chuo. Baba Bosi alifikiri kwa kasi kuliko alivyowahi kufikiri: hospitali angewaonyesha nani? Angemshika mgonjwa gani mkono? Alikata kushoto.

"Maabara," alisema kwa sauti ndogo.

"Mgonjwa amelazwa maabara?"

"Ndiyo."

Mama Mpishi alimtazama muda mrefu, kisha akakunja mikono juu ya mkoba na kutazama mbele.

*

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Alitoka, akazunguka gari, akasimama mbele ya kochi na watu wake watatu.

"Hili nalo mnalipeleka kwa nani? Leo Jumapili hatupokei mizigo."

"Sisi si mizigo, mzee," mjomba alisema. "Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa?"

"Aliyelazwa humu."

"Humu hajalazwa mtu. Humu kuna panya na vichupa. Panya wenyewe wazima, nimewaona asubuhi."

Bosi, juu ya kochi, alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Kimya alimtazama akidhani analia, akamshika bega, akagundua anacheka, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini.

Baba Bosi alizima injini.

"Mama," alisema akitazama usukani, "hakuna mgonjwa. Nimekudanganya. Mke wangu amekuja kazini. Amekosea jambo juzi, amelikumbuka leo mezani, akaja kulirekebisha kabla halijaharibu kazi ya mtu. Alinieleza vizuri, mimi ndiye nisiyeweza kueleza. Niliogopa. Nilisikia habari za ile saluni."

"Nani kakwambia habari za saluni?"

"Kila mtu anazijua."

Mama Mpishi alishuka garini. Aliufunga mlango kwa nguvu hadi kioo kikalia. Alikwenda hadi nyuma, akamtazama mwanawe anayecheka, akamtazama kaka yake, akarudi tena mbele dirishani kwa Baba Bosi.

"Nimemwonea huruma mgonjwa wako," alisema. "Nimemwombea njiani. Kimoyomoyo, lakini nimemwombea."

"Nisamehe."

"Sasa maombi yangu niyapeleke wapi, kwa panya?"

Mjomba aliangua kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya barabara. Mama Mpishi hakucheka. Bosi aliacha kucheka pia. Aliruka chini, akasimama karibu na baba yake, kwa sababu mama wa Kimya alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta usafiri wa kurudi kwake.

"Huyo mama yuko wapi?" Mama Mpishi aliuliza.

"Kule, mama. Jengo la mwisho," Bosi alisema. "Lina madirisha makubwa."

"Twendeni nikamwone kwa macho yangu. Nimechoka kusimuliwa."

*

Mama Bosi alitoka mlangoni akiwa na koti jeupe na kofia ya kufunika nywele. Viatu vya wageni vilionekana chini ya koti. Mlinzi alikuwa ametangulia kumwita, kwa hiyo Mama Bosi alikuwa amekwisha kujua ni akina nani waliokuja, lakini kuwaona wote wamejipanga barazani kulimshtua. Alisalimia kwa heshima zote, akiwa amekunja mikono yake mbele ili asiguse kitu.

"Nisameheni sana," alisema. "Mmefika kwangu hamkunikuta. Sina la kujitetea."

"Mumeo amekutetea," Mama Mpishi alisema. "Kakutafutia mgonjwa."

Mama Bosi alimtazama mumewe. Baba Bosi alikuwa anakagua rangi ya ukuta.

"Hebu niambie wewe mwenyewe," Mama Mpishi aliendelea. "Umekosea nini?"

Mama Bosi alieleza. Alieleza maji ya aina mbili na seli, lakini safari hii taratibu, kwa mikono. Alieleza peptidi ni nini: vipande vidogo sana vya protini, vinavyoletwa vikiwa vimekaushwa, vumbi jeupe chini ya kichupa hata huwezi kulishika. Alieleza kwamba mtafiti wake anachunguza vidonda visivyopona, kama vya watu wenye kisukari, anataka kujua iwapo peptidi ile inaziamsha seli za ngozi au haifanyi lolote.

"Kumbe ni dawa!" mjomba alisema. "Mimi goti langu hili..."

"Si dawa, kaka. Haijafika kwa mtu, na pengine haitafika. Ni ya kuchunguzwa tu. Goti lako lipeleke hospitali."

"Nilikuwa naulizia tu," mjomba alisema, akalificha goti.

Mama Mpishi hakuwa na habari na goti. "Kosa lako nani aliligundua?"

"Mimi."

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna. Yale maji yakishatoka chupani yanafanana. Huwezi kuyatofautisha kwa macho."

"Na kama ungenyamaza?"

"Asingejua mtu."

"Na huyo mtafiti ulipomwambia?"

Mama Bosi alisita. "Alikuwa tayari ameshika kichupa. Nimemwona kupitia kioo, nikagonga. Amefoka. Ni msichana rika la huyu wangu, amefoka mbele ya mfagizi na mbele ya mwanafunzi, na nimesimama nikamsikiliza, ana haki. Unga wenyewe ni wa shida kuupata. Kisha akamaliza kufoka, akaniletea kiti."

"Mmeumwaga wa kwanza?"

"Hatukuumwaga. Tumeuandikia kosa lake na kuuweka mbali, utatumika kwa vipimo visivyo na seli hai. Tumetoa kichupa kingine kwenye friza, ndicho cha mwisho. Sharti kipate joto la chumba kwanza. Ukikifungua cha baridi kinavuta unyevu, unga unaharibika. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kutoka kuwasalimia. Lakini kikishakuwa tayari naingia, na nikiingia sitoki mpaka nigawe kwenye vichupa vidogo na kuvigandisha. Siwezi kuwaambia lini namaliza. Mkitaka kuondoka, nitaelewa."

Alisema hivyo akimtazama Mama Mpishi usoni. Nyuma yake, mlango ulifunguka kidogo na kichwa cha msichana mwenye miwani kikachungulia.

"Mama, kimepata joto. Uko tayari?"

"Nakuja."

Mama Mpishi aliutazama mlango, akamtazama yule mwanamke aliyevaa viatu vya sherehe chini ya koti la kazi. Alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha akamgeukia Bosi.

"Wewe binti. Umechukua kwa nani? Kwa mama yako anayesema kosa ambalo hakuna aliyeliona, au kwa baba yako anayelaza wagonjwa maabara?"

Bosi angeweza kusema kwa mama, na jibu hilo lingependeza. Alimtazama baba yake, mtu mzima aliyejikunyata kando ya nguzo.

"Inategemea siku, mama," alisema. "Lakini baba naye amekiri. Amechelewa tu."

Mdomo wa Mama Mpishi ulijaribu kubaki mgumu. Ulianza kucheza upande mmoja, ukahamia wa pili, na mwisho akacheka, kicheko cha tumbo, kilichomlazimisha kushika nguzo ile ile ya Baba Bosi. "Bado wanachunguza!" alisema akifuta macho. "Namuuliza anaumwa nini, ananiambia bado wanachunguza! Ghafla mno, asubuhi hii!" Na kila alipotaka kunyamaza alikumbuka jambo lingine la njiani, akaanza upya, mpaka mjomba akamshika mkono asianguke, na mwanafunzi mmoja akafungua dirisha la juu kutazama kuna nini.

Mama Bosi alikuwa bado amesimama, hajui acheke au aingie.

"Ingia ndani, mkwe," Mama Mpishi alimwambia, akivuta pumzi. "Usiharakishe. Kitu cha mwisho hakiharakishwi. Sisi tuko hapa hapa, tutakungoja."

Mama Bosi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akageuka haraka, akaingia. Bosi alikuwa amesikia. Kimya alikuwa amesikia. Walishikana mikono nyuma ya mgongo wa mjomba, wakidhani hawaonekani.

"Umemwita nani?" Baba Bosi aliuliza, kama mtu anayeamshwa.

"Mkwe. Wewe bado sijakupa jina. Kwanza nenda nyumbani ukalete hicho chakula chako, maana nimeona sahani nzuri na sikuona kilichokuwa ndani yake."

"Nakwenda, mama. Nakwenda sasa hivi."

Lakini hakwenda. Dirisha kubwa lilikuwa hatua chache tu, na alikwenda mpaka pale, akaweka viganja pembeni mwa macho kuzuia mwanga. Ndani, mkewe aliketi mbele ya kabati la kioo, glavu mikononi. Alifungua chupa mpya. Alivuta maji kwa sindano, akaisogeza kwenye kichupa, na hakuyamwaga kwa pupa. Aliyaacha yateremke ukutani mwa kichupa, tone likifuata tone, mkono umetulia kabisa. Kisha hakutikisa. Alikizungusha kidogo kidogo kwa vidole, na lile vumbi jeupe likayeyuka, pakabaki maji matupu, angavu, utadhani hakuna kilichowekwa.

Baba Bosi aliufahamu mkono ule. Ulikuwa mkono wa fundi. Alikuwa ameishi nao nyumba moja miaka yote hiyo na leo ndiyo mara ya kwanza anauona ukifanya kazi.

"Mzee," mlinzi alisema nyuma yake. "Umesimama juu ya maua."

"Yule," Baba Bosi alisema bila kugeuka, pumzi yake ikichora duara kwenye kioo. "Yule mwenye koti jeupe ni mke wangu."

"Namjua. Toka kwenye maua."